Kutuza, kutunuku au kupa motisha? Jibu kwa mwalimu anayeandika waraka wa shule

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, na nimechaguliwa kuwa katibu wa kamati ndogo inayoandaa waraka wa kuwalipa walimu fedha kidogo kila madarasa yao yanapofanya vizuri katika kusoma na kuhesabu. Rasimu ya kwanza tuliletewa kwa Kiingereza, na ndani yake kuna kitenzi 'incentivize' ambacho kila mmoja wetu amekitafsiri kivyake. Mimi niliandika 'kamati itawamotisha walimu', mwenyekiti akakata akaandika 'itawatuza', na mhasibu anashikilia kwamba liandikwe 'itawahamasisha kwa fedha'. Nimeambatisha ukurasa wa kwanza wa rasimu yetu. Je, kumotisha ni Kiswahili? Na kama si Kiswahili, ni kitenzi kipi kinachobeba maana hiyo?"

Jibu: Mwalimu, nianze na lile unalohitaji kesho asubuhi kikaoni. Katika sentensi hiyo andika "kamati itawapa walimu motisha". Mwenyekiti wako hakukosea kuchagua kutuza, ila amekiweka mahali ambapo si pake. Kitenzi hicho kinafaa katika sentensi nyingine ya waraka huohuo, ile inayoeleza siku ya malipo. Pendekezo la mhasibu halina kosa la sarufi, lakini linasema jambo jingine kabisa. Kumotisha kwenyewe nitakushauri ukiache kwa sasa, ingawa sababu yangu si ile ambayo huenda unaitarajia.

Mvutano wenu hautokani na uzembe wa mtu yeyote. Unatokana na jinsi Kiswahili kilivyogawa kazi ambayo kitenzi kile cha Kiingereza kinaifanya peke yake. Kumfanya mtu atende na kumpa kitu ni mambo mawili, na lugha yetu huuliza kwanza lipi limetangulia.

Tuanze na kutuza, kwa sababu ndicho kitenzi chenye mizizi mirefu zaidi. Methali inayojulikana na kila mtu pwani inasema "Mcheza kwao hutuzwa", na wapo wanaoitamka "hutunzwa". Picha iliyomo ndani yake ni ya ngomani: mchezaji yumo uwanjani, watu wa kwao wamemzunguka, na anapocheza vizuri mtu hutoka katika mduara akampa fedha, leso au chochote alicho nacho. Desturi hiyo ingali hai katika taarabu. Mwimbaji akifikia beti inayomgusa mtu, mtu huyo huinuka kitini, akaenda kwa maringo hadi jukwaani huku akicheza taratibu, akampa mwimbaji noti mkononi au akamwekea mwilini, kisha akarudi vilevile alivyokwenda, na mara nyingi ukumbi mzima huelewa noti ile imejibu fumbo la nani. Tendo hilo Unguja na Tanga watu huliita kutunza, na wengine hulitamka kutuza. Wewe uliye Tanga huenda umeliona mara nyingi kuliko mimi.

Sasa tazama mpangilio wa matukio. Mwimbaji hakuahidiwa noti ile kabla ya kuimba, wala hapakuwa na makubaliano kwamba akiipandisha sauti mahali fulani atalipwa kiasi fulani. Wimbo ulitangulia na zawadi ikafuata. Methali nyingine, "Chanda chema huvikwa pete", ina mpangilio huohuo, kwa kuwa chanda kilikuwa chema kabla pete haijafika, na hakuna anayefikiri kwamba pete ndiyo iliyokifanya kiwe chema. Kwa hiyo anayetuza hutazama nyuma: anashukuru, anatambua, anaheshimu lililokwisha kutendwa. Tukisema "mwanariadha alituzwa", msikilizaji anajua kwamba mbio zimekwisha.

Kabla hatujaenda mbali, neno moja kuhusu umbo lake, maana najua litazuka kikaoni. Kutuza na kutunza katika maana hii ya kutoa zawadi ni ndugu wa karibu sana, na katika usemi wa watu wengi ni kitu kimoja. Tatizo ni kwamba kutunza kuna maana ya pili iliyo kubwa zaidi siku hizi, yaani kuangalia, kulea, kuhifadhi: mtu hutunza watoto, hutunza mazingira, hutunza nyaraka. Ukiandika "walimu watatunzwa na kamati", nusu ya wasomaji wataelewa kwamba walimu hao ni wagonjwa au wazee wanaohitaji matunzo. Katika maandishi ya ofisini, basi, liache umbo lenye "n" libaki na maana ya kulea, na lile lisilo na "n" libebe zawadi. Nomino yake ni tuzo. Watanzania wengi huipatanisha kama ilivyo katika Tuzo ya Nobel, ile aliyopewa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 2021 kwa fasihi, na Wangari Maathai wa Kenya mwaka 2004 kwa amani. Lakini katika magazeti ya Kenya utakuta pia "tuzo la mchezaji bora" na wingi wake "matuzo". Usimsahihishe Mkenya kwa hilo.

Kisarufi kutuza ni kitenzi chepesi. Mtendwa ni mtu, na kile anachopewa kinaweza kufuata bila kihusishi au kwa kihusishi: walimtuza fedha, walimtuza kwa fedha. Sababu huletwa na "kwa": alituzwa kwa uhodari wake. Ukiona mtu ameandika "tulituza zawadi kwa walimu", amegeuza mambo, kwa maana kinachotuzwa ni mwalimu, si zawadi.

Kutunuku kuna jamaa moja na kutuza, lakini kumepanda cheo. Kinatoka pamoja na tunu, kitu adimu cha thamani, na leo makao yake ni mahafali ya vyuo vikuu na sherehe za kitaifa: mkuu wa chuo huwatunuku wahitimu shahada, rais hutunuku nishani. Hali yake ya kutendwa ni kutunukiwa, kama kujibu kunavyotoa kujibiwa. Anayetunuku huwa juu ya anayetunukiwa, na kinachotolewa huwa na heshima kuliko bei. Kamati ya shule ikiandika kwamba itawatunuku walimu fedha za vocha, watu watacheka, na watakuwa na haki ya kucheka. Kuzawadi, au kuzawadia kama wengine wanavyosema, ni kwa ukarimu wa kawaida: madaftari na kalamu kwa wanafunzi wa kwanza hadi wa tatu siku ya kufunga shule. Hapa napo tendo limekwisha ndipo kitu kikatolewa.

Sasa turudi kwa kile kitenzi cha Kiingereza kilichowasumbua. Shina lake limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kuanzisha wimbo. Ndani yake kuna kitenzi cha kuimba. Picha ya asili ni ya manju anayetoa sauti ya kwanza ili wengine waitikie. Sijui kama Waingereza wenyewe wanaikumbuka picha hiyo wanapolitumia neno lao maofisini, lakini inatusaidia sana, kwa sababu wao na sisi tumelichota neno ngomani, ila wao wamelichota mwanzoni mwa wimbo na sisi tumelichota mwishoni. Kwao kichocheo hutangulia ili tendo lije. Kwetu tuzo huja kwa sababu tendo limekuja. Ndiyo maana mwenyekiti wako, anayejua Kiswahili vizuri, alilikimbilia neno la ngomani na bado sentensi ikapinda. Ukisema "kamati itawatuza walimu ili wafundishe vizuri", umeitanguliza pete mbele ya chanda.

Utaniuliza, je, Kiswahili hakina kitenzi cha neno moja kinachomaanisha kutanguliza zawadi, au ahadi ya zawadi, ili mtu atende? Kinavyo, tena zaidi ya kimoja. Shida ni kwamba vyote vina harufu mbaya.

Cha kwanza ni kurubuni. Watu wengi hawakitambui kuwa jamaa ya arubuni, ile sehemu ya bei inayotangulizwa ili muuzaji asimpe mwingine kitu. Arubuni ni jambo safi la sokoni, lakini kurubuni ni kumvuta mtu kwa kitu kidogo ili atende lenye madhara kwake au kwa wengine. Ndicho kitenzi cha habari za mahakamani, mtu anaposhtakiwa kwamba alimrubuni mtoto kwa pipi au kwa chipsi. Ukikichambua bila kujali uovu wake, utaona kina vipengele vyote vya kile kitenzi cha Kiingereza: mtoaji, mpokeaji, kitu kinachotolewa, na tendo linalotarajiwa baadaye.

Cha pili ni kuhonga, na historia yake inastahili mistari michache zaidi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ililazimika kupita Ugogo, nchi kavu ambayo maji yake yalikuwa na wenyewe, na watemi wa huko walitoza hongo: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Wasafiri wa Kizungu walioandika habari za safari hizo waliilalamikia hongo kurasa kwa kurasa, lakini haikuwa siri wala aibu. Ilikuwa ushuru wa kupita, uliojadiliwa mchana kweupe, wakati mwingine kwa siku kadhaa, mbele ya watu wote. Leo hongo ni fedha ya gizani anayopewa mtumishi ili apindishe haki, na vijana wa Tanzania wamekipa kitenzi chake maana nyingine ya kumgharimia mpenzi ili asikuache. Neno limeshuka kutoka baraza la mtemi hadi chini ya meza, na wakati wote huo kiini chake hakikubadilika: unatoa sasa ili upate baadaye.

Cha tatu si kitenzi bali nomino, nayo ni takrima, ambayo kwa asili ni ukarimu wa kumheshimu mgeni. Sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa mwaka 2000 ikatambua kwamba mgombea anaweza kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema bila kuhesabiwa kuwa ametoa rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake, ikavibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilipingana na Katiba. Miaka ile neno takrima lilichafuka mbele ya macho yetu, na mpaka leo mtu mzima akilitaja kwa maana yake ya zamani hulazimika kutabasamu kwanza. Nalitaja kwa sababu linaonyesha vizuri kwamba Mswahili humwamini anayetoa baada ya kazi kuliko anayetoa kabla yake. Anayetoa kabla huulizwa anataka nini.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, zawadi inayotangulizwa kwa nia njema ilibaki bila kitenzi chake hadi nyakati za karibuni, mashirika, viwanda na miradi ilipohitaji kulisema jambo hilo kila siku. Pengo hilo lilizibwa na motisha, neno lililotoka katika Kiingereza na kuzoea Kiswahili kiasi kwamba limo katika kamusi zetu na hakuna anayeliona geni. Lakini liliingia likiwa nomino, na linatumika kwa maana mbili ambazo waraka wako ni lazima uzitenganishe. Katika "walimu hawa hawana motisha", neno linataja hali iliyomo ndani ya mtu. Katika "walimu walipewa motisha ya shilingi laki moja", linataja kitu kilichotoka nje kikaingia mfukoni. Maana ya kwanza tayari ina maneno mazuri ya zamani: ari, hamu, moyo. Nakushauri hali ya ndani uiite ari katika waraka mzima, na motisha uiachie fedha, ili asije mtu akadai kwamba kamati iliahidi kuwapa walimu furaha.

Maana hiyo ya pili imekwenda mbali zaidi kwa jirani zetu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu miaka ya 1990 mishahara ya serikali ilipokuwa haifiki, wazazi waliwachangia walimu nyongeza iliyojulikana kwa Kifaransa kama "prime de motivation", na mchango huo uliendelea hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi ya umma kuwa bure mwaka 2019. Jina lilisema motisha, lakini kilicholipwa kilikuwa riziki. Mwalimu hakuwa akichochewa kufundisha vizuri zaidi. Alikuwa akiwezeshwa kubaki darasani. Ikiwa fedha za kamati yenu zitagawiwa kwa kila mwalimu bila kuangalia matokeo, nanyi mtakuwa mmelitumia neno hivyohivyo, na ni afadhali mkaandika posho.

Sasa kumotisha. Ukikisikiliza tu kwa sikio, hakina kasoro, na hapo ndipo mtego ulipo. Kiswahili kina kiambishi cha kusababisha, -isha au -esha, kinachogeuza hata nomino na vivumishi kuwa vitenzi: hamasa ikatoa hamasisha, taifa likatoa taifisha (neno lililovuma baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mabenki yalipotaifishwa), halali ikatoa halalisha, binafsi ikatoa binafsisha. Motisha inamalizikia kwa sauti hizohizo, kwa bahati tu, kwa kuwa sauti hizo ni sehemu ya nomino yenyewe. Sikio hudhani limesikia mot- na -isha, likaona kitenzi kilicho tayari. Lakini hakuna shina mot- lenye maana yoyote. Tunasema mtu amehamasika, kwa kuwa hamasa ipo ndani yake na viambishi vinabadilishana juu ya shina. Hakuna anayesema mtu amemotika. Na kama tungefuata kanuni kwa uaminifu, tukaibandikia nomino motisha kiambishi cha kusababisha, tungepata "kumotishisha", ambalo hata wewe usingelitamka mbele ya wanafunzi.

Baadhi ya walimu wa lugha huishia hapo na kutangaza kwamba neno ni kosa. Mimi sifiki huko. Kiswahili kimewahi kuchukua nomino nzima na kuifanya kitenzi bila kuongeza kitu: zawadi imetoa kuzawadi, na hakuna aliyelia. Kumotisha kunasikika Kenya na Tanzania, na huandikwa katika habari za michezo kocha anapozungumzia wachezaji wake. Kama baada ya miaka 20 kamusi italipokea, sitaandika barua ya kupinga. Ninachosema ni kwamba waraka unaohusu fedha za watu si mahali pa kujaribia neno ambalo mwenyekiti analikata kwa kalamu nyekundu. Umbo lenye maneno mawili linakubalika na kila mtu, na linasema wazi kwamba kuna kitu kinachotolewa.

Umbo hilo nalo lina adabu yake. Kwanza, kitenzi -pa hakikubali kusimama bila kiambishi cha mpokeaji: utaandika "kamati iliwapa walimu motisha" na "itampa mwalimu motisha". Ukikiacha kiambishi, hasa mtendaji akiwa mtu mmoja, unapata "mkuu alipa walimu motisha", ambapo msomaji ataona kitenzi kulipa, na sentensi itageuka kuwa ya mhasibu. Pili, kuna tofauti kati ya kupa na kutia ambayo wasemaji wazuri huifuata bila kufundishwa. Kinachotiwa huingia ndani ya mtu: tunamtia mtu moyo, tunamtia shime, tunamtia hamasa, kama vile tunavyoweza kumtia hofu. Kinachopewa hupokelewa mkononi. Ndiyo maana "kutia motisha" hukubalika zaidi pasipo na fedha, kocha anapozungumza na vijana wake wakati wa mapumziko, na "kupa motisha" hukaa vizuri palipo na bahasha. Tatu, ukitaka kutaja kile ambacho motisha inalenga, tumia "ya" na kitenzi: motisha ya kufundisha, motisha ya kubaki vijijini.

Nimwendee mhasibu. Kuhamasisha kumetoka katika hamasa, msisimko wa moyo, na kazi yake ni kuamsha watu kwa maneno, nyimbo, mikutano na mabango. Tuna uhamasishaji wa chanjo, uhamasishaji wa kujiandikisha kupiga kura, uhamasishaji wa kupanda miti, na katika yote hayo anayehamasishwa huenda asipate hata senti moja. Siku hizi kitenzi hiki kimetumika mno maofisini hata kimechoka. Kila kikao kimehamasisha na kila ripoti imehamasisha. Mhasibu anaongeza "kwa fedha" kwa sababu yeye mwenyewe anahisi kwamba neno lake halina fedha ndani. Na mwalimu atakayesoma kwamba "atahamasishwa" hataweza kudai chochote, kwani kamati inaweza kumwimbia wimbo mzuri na ikawa imetimiza neno lake. Kuhimiza na kushajiisha ni vya kundi hilohilo la kusukuma kwa maneno. Cha pili kina shina moja na shujaa, kwa hiyo ni kumpa mtu ujasiri. Kuchochea ni kusogeza kuni ili moto uwake, na kinahitaji uangalifu, kwa sababu tunachochea maendeleo lakini pia mtu hushtakiwa kwa uchochezi. Wala usikopeshwe na lugha ya wizara za fedha, ambako unafuu wa kodi na ardhi kwa wawekezaji huitwa vivutio: mwekezaji huvutwa kutoka mbali, lakini mwalimu wako yumo shuleni tayari.

Labda utasema kwamba mpango wenu una vyote viwili, ahadi mwanzoni na malipo mwishoni. Ni kweli, na hamko peke yenu. Kuanzia mwaka 2013 asasi ya Twaweza iliendesha nchini Tanzania mpango ulioitwa KiuFunza, ambao katika awamu ya kwanza ulihusisha shule 350. Katika baadhi yake walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa malipo kwa kila mwanafunzi atakayefaulu majaribio ya masomo ya msingi, nyingine zilipewa ruzuku ya kuendeshea shule, na nyingine zilipewa vyote pamoja. Watafiti waliofuatilia matokeo walikuta kwamba ruzuku peke yake haikuinua ufaulu, ilhali vyote viwili vilipokutana uliinuka. Kwa swali letu la lugha, mpango wa namna hiyo ni mfano mzuri, kwa sababu fedha ileile hubadili jina kadiri siku zinavyokwenda. Mwezi Januari, ikiwa bado ni ahadi, ni motisha. Mwezi Desemba, ikiwa mkononi mwa mwalimu aliyefaulisha, ni tuzo. Na mwalimu ambaye hakufikia kiwango alipata motisha lakini hakupata tuzo, sentensi ambayo isingewezekana kama maneno hayo mawili yangekuwa na maana moja.

Kwa hiyo wewe na mwenyekiti mnaweza kupatana bila mmoja kushindwa. Ningeiandika ibara yenu hivi: "Ili kuwapa walimu motisha ya kuinua stadi za kusoma na kuhesabu, kamati itatenga fedha za tuzo kila mwaka. Mwalimu ambaye darasa lake litafikia kiwango kilichoelezwa katika kifungu cha 4 atatuzwa kabla ya mwezi mmoja kupita tangu matokeo yatangazwe." Motisha ipo katika kusudi, tuzo ipo katika malipo, na tarehe ipo kwa ajili ya wale watakaokumbuka kwamba ahadi ni deni. Mhasibu mpeni kifungu cha mkutano wa wazazi, ambako uhamasishaji unahitajika kwelikweli.

Kuna vitu vitatu vidogo katika ukurasa ulioniletea. Mmeandika "kifuta jasho" kama jina lingine la fedha hizi. Liondoeni, kwa kuwa kifuta jasho hutolewa kwa sababu mtu ametaabika, awe amefanikiwa au hakufanikiwa, na hata mkulima aliyeharibiwa shamba na tembo hulipwa kwa jina hilo. "Bonasi" inaweza kubaki katika jedwali la hesabu, kwani walimu wanaielewa na ni fupi. Na katika mistari miwili mmeandika "motisha huu". Neno hili linakwenda katika ngeli ya i-/zi-, motisha hii, motisha hizi, hata pale linapotaja ari iliyo moyoni.